Malengo yakaguliwe kabla gunia halijavuka kizingiti

Kuna mpapai ninaoufahamu hapa Msangano ambao umeota sebuleni. Si uani, ni sebuleni hasa: ndani ya boma la tofali za kuchoma lililofika lenta likaishia hapo, milango haina mbao, madirisha hayana nondo, na juu ni mawingu matupu. Mwaka 2016, mkoa wetu wa Songwe ulipozaliwa kutoka ubavuni mwa Mbeya, msingi wa boma lile ulikuwa umeshamwagwa. Mpapai ulikuja baadaye, ukanifika gotini, ukanifika begani, na sasa watoto wa jirani huingia "ndani" na fito kuangua matunda. Mwenye boma si mvivu wala mlevi. Kila Januari husema mwaka huu lazima apaue. Kila Desemba huwa amepata sababu.

Tangu nianze kuutazama mpapai ule nimejikuta na tabia ya kuhesabu maboma. Nikitoka Tunduma kurudi nyumbani nahesabu kidirishani mwa gari hadi usingizi unichukue. Kila boma ni ahadi ya Januari ya mtu fulani, imesimama barabarani kila mpita njia aisome. Na hizo ni ahadi zenye ukuta. Zisizo na ukuta hatuzioni: binti aliyeambiwa atapelekwa kujifunza ushonaji, jozi ya maksai, kisima cha uani, deni la shemeji.

Niseme mapema ninachokiamini ili msomaji aamue kama ataendelea nami. Sisi hatukosi malengo. Tunakosa siku ya kuyakagua, na hiyo tuliyo nayo iko mahali pabaya. Tunajiuliza "tumefikia wapi?" Desemba, wakati mpunga wa Juni ulishauzwa na fedha yake ilishaliwa hadi sarafu ya mwisho. Kuuliza wakati huo ni kukaa matanga. Nyumba ya mkulima wa bonde hili la Msangano ikague malengo yake mwezi wa tano au wa sita, mpunga ukiwa kwenye magunia, ufuta umeshapetwa, na hakuna gunia hata moja lililovuka kizingiti. Na wakae nyumba nzima, si baba peke yake na kichwa chake.

Januari si mwaka wetu

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, zikituhurumia hufika hadi Aprili. Kwa hiyo tarehe mosi Januari inatukuta matopeni. Kwenye majaruba miche ya mpunga inangoja kupandikizwa, mahindi yanadai palizi, na ufuta wa watu wengi haujaingia hata ardhini. Ghala limeshuka hadi sakafu inaonekana. Fedha iliyokuwapo ilikwenda na Krismasi. Halafu shule zinafunguliwa. Ada serikali iliiondoa tangu 2016 kwa msingi na sekondari hadi kidato cha nne, nasi tulishukuru, lakini sare, viatu, madaftari na godoro la bweni haviji bure.

Huo ndio mwezi tunaouchagua kuapa kwamba mwaka huu tunapaua nyumba! Na ni mwezi huohuo mtu huyohuyo anamwendea mwenye fedha jioni, kwa sauti ya chini, kuomba chochote kwa ahadi ya kulipa gunia wakati wa mavuno. Tuseme anachukua elfu arobaini kwa gunia ambalo Juni lingempa elfu themanini. Akifanya hivyo kwa magunia matano, amepokea laki mbili na kutoa laki nne. Bati zake zimeuzwa Februari, kabla mpunga haujatoa hata suke. Bado kinywani anaahidi kupaua.

Katika makanisa mengi siku hizi, usiku wa mkesha wa Desemba 31, waumini huandika malengo yao kwenye karatasi na kuyapeleka madhabahuni yaombewe. Sina ugomvi na sala, nami karatasi yangu nimeshapeleka zaidi ya mara moja. Ninachojiuliza ni hiki: ile karatasi hurudi lini nyumbani? Ni nani ambaye nakala yake iko ukutani jikoni, mama akipika anaiona? Tumemwachia Mungu daftari letu tukasahau kwamba kalamu tunayo sisi.

Hii Januari yenyewe tumeikuta tu. Warumi ndio waliokuwa na kalenda hiyo, Julius Caesar akaipanga upya mwaka 45 kabla ya Kristo, nao hawakuwa wakiufikiria mpunga wa Msangano. Ndugu zetu wa pwani walikuwa na hesabu nyingine. Kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya, huadhimishwa Julai, na kalenda ya zamani iliyouzaa ilihesabu siku kwa miongo, kumi kumi, mkulima na baharia wakijua wako mwongo wa ngapi. Fikiria hilo: watu waliojikumbusha kila baada ya siku kumi kazi ya shamba imefika wapi. Sisi tunajikumbusha mara moja kwa mwaka, tena usiku wa manane.

Hata serikali haiifuati Januari. Bajeti husomwa Juni, na mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Taifa lenyewe liliambiwa na Benki ya Dunia kwamba limeingia kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini, tarehe 1 Julai 2020. Dodoma wanaanza mwaka Julai bila kuwa na jaruba hata moja. Sisi wenye majaruba tunaona aibu gani?

CAG wa nyumbani

Mwishoni mwa Machi kila mwaka, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) humkabidhi Rais ripoti yake, na Aprili inafika bungeni. Ndipo utamu wa vijiwe vyetu unapoanza. Chini ya mwembe utasikia mabilioni yakitajwa kwa jina na ukoo, nani kalipa hewa, mradi gani umeota nyasi. Aprili moja, kijiwe kilipopamba moto, niliwauliza wenzangu swali dogo: mwaka juzi ulivuna magunia mangapi, na uliuza mangapi? Wanaume saba. Mmoja alikohoa, mwingine akaomba kiberiti. Niseme na langu: mimi niliyeuliza nilikuwa sijui pia.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na neno la kutisha humo ni "bila habari". Mali ikipotea kwa habari, angalau umejifunza mlango iliotokea.

Jambo la ajabu ni kwamba ujuzi wa kukagua tunao ndani ya nyumba zetu, ila umevaa kanga. Nenda kwenye kikao chochote cha VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hisa zinanunuliwa mbele ya macho ya wote, zinaandikwa, zinasomwa kwa sauti. Aliyechelewa anatozwa faini hata awe mke wa mwenyekiti. Asili ya vikundi vya namna hii ni Niger, ambako shirika la CARE lilianza na wanawake wa vijijini mwaka 1991, na mbinu ikavuka Afrika hadi kutufikia. Mama aliyemaliza darasa la saba anaweza kukuambia bila kuangalia karatasi kikundi kina shilingi ngapi, nani anadaiwa, na mzunguko unavunjwa lini.

Kisha mama huyo anarudi nyumbani, anafunga mlango, na anaingia katika nyumba ambayo hakuna anayejua chochote. Kwa nini? Kwa sababu mipango ya nyumba iko kwa baba, na baba akiulizwa hugonga paji la uso kwa kidole: "Mambo yote yako hapa."

Lengo lililo kichwani mwa mtu mmoja halikaguliki. Mwenyewe anaweza kulihamisha usiku na asubuhi likawa jingine. Mei lilikuwa nyumba, Agosti limekuwa pikipiki, Oktoba limekuwa "tutaona", na Desemba ukimkumbusha atakujibu kwa utulivu kabisa kwamba hakusema nyumba, alisema akijaliwa. Utamshitaki wapi? Likiandikwa kwenye kaunta buku, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la sita, halihami. Ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa mdaiwa ndiye hulisahau wa kwanza.

Wapo watakaosema mwanamume kukaguliwa na mkewe na wanawe ni kujishusha. Basi na wamtazame Mwalimu Nyerere: alitangaza Azimio la Arusha Februari 5, 1967. Miaka kumi baadaye, 1977, aliandika tathmini yake mwenyewe mbele ya taifa zima na dunia, akakiri waziwazi kwamba Tanzania ilikuwa bado si ya kijamaa wala ya kujitegemea, akataja pia yaliyofanikiwa. Huyo alikuwa Rais, na aliyekuwa akipimwa ni yeye. Wewe una ekari nne.

Mvua hatuikagui

Najua hoja itakayokuja, na ina uzito. Mkulima si karani. Mshahara wake uko mbinguni na bei yake iko mikononi mwa wengine. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei iliporomoka katika Nyanda za Juu Kusini, na mtu aliyekuwa amelima vizuri kuliko miaka yote akajikuta hana hata ya kulipa vibarua. Utamkagua huyo umwambie kashindwa?

Ndiyo maana daftari la nyumba linahitaji kurasa mbili zinazotazamana. Upande mmoja: tuliyoyafanya. Upande wa pili: yaliyotupata. Mvua kuchelewa inakwenda upande wa pili, haina mjadala. Bei ya ufuta mnadani nayo huko, pamoja na makato ambayo hatukuyapanga sisi. Lakini tulipanda tarehe ngapi? Palizi ya pili tuliifanya, au tulikuwa harusini wiki nzima? Mbolea ya ruzuku tulijiandikisha mapema, au tuliikimbilia mahindi yakiwa yamepita kiuno? Ufuta tuliukata siku gani? Kila mtu hapa anajua ufuta ukiachwa ukauke mno, maganda hupasuka yenyewe na mbegu zinamwagika chini, mavuno yote yakawa ya chiriku. Hayo hayakuletwa na mbingu. Gunia la lumbesa lililoshindiliwa hadi likaota kichwa, nalo liko upande wetu. Sheria inalikataza, mizani ipo, ila ni sisi tuliokubali kwa sababu mnunuzi alikuwa ameshika noti mkononi.

Tukizitenganisha kurasa hizo, nyumba inapata mambo mawili ambayo kwa sasa haina. Inaacha kumlaumu mtu kwa jua kali, na inaacha kulilaumu jua kwa uzembe wa mtu. Nimeona ndoa zilizochoka kwa kosa la kwanza, na mashamba yaliyochoka kwa la pili.

Tena ukurasa wa yaliyotupata una faida kuliko unavyoonekana. Ukiusoma miaka mitatu mfululizo utaona mambo yanayojirudia. Kama kila Februari mnauza mpunga ukiwa shambani kwa sababu ya mahitaji ya shule, basi hilo si janga tena. Ni tarehe. Tarehe inawekewa akiba.

Jioni moja ya mwezi wa sita

Siku yenyewe haihitaji semina. Ni jioni baada ya chakula. Taa inawekwa katikati, magunia yanahesabiwa kwa kuguswa moja moja, mtoto anaandika. Kwanza linatengwa la kula, na hapa mama ndiye mwamuzi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua sufuria la nyumba hii linameza debe ngapi kutoka Juni hadi mavuno mengine. Chakula kikishatengwa, hakiingii tena kwenye mazungumzo ya kuuza. Kisha madeni. Kisha Januari ya shule, ambayo tangu sasa ina magunia yake yenye alama ya mkaa, na hayafunguliwi kwa ajili ya harusi ya mtu yeyote. Mbegu. Halafu, na hapo ndipo daftari la mwaka uliopita linafunguliwa na kusomwa kwa sauti, lengo.

Watoto wasifukuzwe. Mtoto aliyesikia kwa masikio yake kwamba magunia sita yanakwenda kwenye bati hatalia akinyimwa viatu vya sikukuu, na akiona baba anayapakia magunia hayo kwenye bodaboda kwenda kusikojulikana, atauliza. Hakuna mkaguzi mkali kuliko mtoto wa miaka tisa aliyeandika hesabu mwenyewe.

Ushauri wangu mwingine ni wa haraka: lengo livuliwe vazi la fedha upesi. Fedha ina maisha mafupi sana nyumbani kwetu mwezi wa saba. Kuna mnada, nyama inachomwa, mitumba imetandazwa, kadi za michango ya harusi zinagawiwa kama njugu. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na kila chovya ilikuwa ndogo, ilikuwa halali, ilikuwa ya ndugu. Bati hazichovyeki. Nunua bati wiki hiyohiyo ya kuuza, hata kama ni bando moja na mbao hazijapatikana. Zilaze uvunguni. Mtu anayelala juu ya bati zake anaota nyumba.

Mpunga wa chakula na wa akiba nao unakaguliwa tena, mara mbili tatu kabla ya Desemba, dakika kumi tu. Mbadilisha fedha pale Tunduma, mpakani na Zambia, mwenye bulungutu la kwacha huku na la shilingi huku, hafungi siku bila kuhesabu. Mnunuzi anayekuja Msangano na lori anajua bei ya Tunduma ya asubuhi ile, ya Nakonde ng'ambo ya mpaka, na gharama ya kila kilomita aliyopita. Anayemsubiri mlangoni hajui hata ana magunia mangapi. Nani atashinda biashara hiyo? Hatuhitaji kumwita mnunuzi mwizi. Amekuja na hesabu, ametukuta hatuna.

Na tukigombana?

Tutagombana. Nisimdanganye mtu. Mara ya kwanza daftari likifunguliwa itajulikana fedha ya ufuta ilikwenda wapi, na huenda ilikwenda mahali pasipotajika mbele ya watoto. Yupo mama atakayeulizwa pia kuhusu mkopo wa kikundi ambao mumewe hakuujua. Basi wazee wakaanze peke yao nusu saa, watoto waitwe baadaye. Kule Makunduchi wanaume hucharazana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, wakamaliza kinyongo cha mwaka mzima, wakaenda kula pamoja. Mgomba hauui mtu. Afadhali mcharazane kwa maneno jioni moja ya Juni kuliko kununiana miezi kumi na miwili, kila mmoja akificha pochi yake.

Na lengo lililoshindikana lisizikwe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Liandikwe tena, ila safari hii dogo zaidi: badala ya "kupaua nyumba", liandikwe "bando mbili na mbao za chumba kimoja". Nimekwisha kusema mimi si mtakatifu wa jambo hili. Jiko la mama yangu niliapa kuliezeka upya, na miaka mitatu nililiapia kila mkesha. Liliezekwa mwaka ule dada yangu mdogo alipoliandika lengo hilo ukutani kwa mkaa, pamoja na jina langu, mahali ambapo kila mgeni aliyekuja kula aliliona. Nililipa kwa aibu, lakini nililipa. Maandishi bado yapo, moshi umeyafifisha kidogo tu.

Mwenye mpapai sebuleni nilimkuta wiki mbili zilizopita akiwafukuza ndege shambani. Mpunga wake umekubali mwaka huu, masuke yameinama. Nikamuuliza anatazamia magunia mangapi. Akacheka, akagonga paji la uso. Nikamuuliza mkewe anajua? Hakucheka tena, alichukua bonge la udongo akawarushia kwelea.

Mwezi wa sita unabisha hodi, na malori yameshaanza kuulizia bei. Wewe unayesoma gazeti hili Jumapili na una mtoto anayejua kuandika, mtume dukani kaunta buku leo hii. Magunia yahesabiwe kwanza, mwenzako akiwapo. Mnunuzi akija kabla hamjamaliza, mpeni kigoda, asubiri nje.